Unga wa Chini ya Kitanda

Siku tulipoondoa matanga ya mama, shangazi alitaka tugawanywe. Hakuficha. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo, pale uani kwetu Bukiriro, akasema watoto wa marehemu kaka yake hawawezi kukaa peke yao. Kwetu ndivyo inavyofanyika: mmoja huenda kwa baba mdogo, mwingine kwa shangazi, mwingine kwa mjomba, na nyumba hufungwa kufuli mpaka akue mmoja wao wa kurudi kuifungua. Baba alikuwa amefariki zamani, kitinda mimba wetu angali mgongoni. Sasa mama naye alikuwa ametutoka. Tulibaki watatu: mimi, kijana wa kidato cha pili, mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa darasa la sita, na huyo kitinda mimba, msichana wa miaka sita ambaye jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ile ile ya msiba.

"Huyu mdogo niachieni mimi," shangazi alisema. "Ana kifua cha baba yake. Kwangu Nyantakara kuna maziwa, atapona."

"Haendi mtu," nikasema.

"Mwanangu, nani atawalisha?"

"Mimi."

"Utawalisha nini?"

Niliingia ndani nikaburuta mfuko wa unga wa ngano, kilo ishirini na tano, nikauleta mpaka mlangoni watu wauone. Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Haya, huyu ameshakuwa baba mwenye nyumba, mwacheni." Hata shangazi alicheka, huku akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ugomvi ukaishia hapo. Tangu siku ile niliuona ule unga kama shahidi wangu kwamba naweza kukaa na wadogo zangu chini ya paa la mama, na shahidi huyo nilimtunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe.

Unga wenyewe ulitoka Ngara mjini. Mama alikuwa akipika kwa familia moja ya Kiislamu, wafanyabiashara ambao wazee wao walitoka pwani wakafungua duka kule juu mlimani. Huko ndiko alikojifunza chapati. Bibi wa nyumba ile alimfundisha kukanda kwa maji ya moto, kukunja, kusokota donge kama konokono na kuliacha lipumzike kabla ya kulisukuma. Mama naye akanifundisha mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na mikono ya wadogo zangu ilikuwa haifiki mezani. Kijiji chetu ni cha watu wa ndizi, maharage na ugali wa muhogo. Nyumba yetu ilijulikana kwa chapati za Jumapili. Mama alipofariki, ile familia walikuja kwa gari lao, wakatuletea unga, sukari na mafuta. Bibi alinishika kichwa akaniambia, "Mama yako alikuwa mwanangu. Wapikie wadogo zako." Nikashika hilo.

Shule niliiacha. Mwalimu wa darasa alikuja mara mbili, mara ya pili akaketi kwenye kigoda, kisha akaondoka. Asubuhi nililima shamba letu, mchana nililima ya watu. Siku sita tulikula kama kila mtu. Jumapili, tukitoka kanisani, nilipika chapati.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, alinikuta mara nyingi nikisukuma chapati kwa chupa ya soda.

"We kijana, ukimaliza hapo njoo unisuke."

"Nywele zenyewe ziko wapi, mama?"

"Loo! Msikieni mtoto wa watu! Mke atakayekupata wewe atakaa tu, amekunja miguu."

"Haoi," kitinda mimba alimjibu, mdomo umejaa. "Kaka ni wetu."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Naye alipewa kipande kila Jumapili, na mara nyingi alituachia mkungu wa ndizi bila kusema kwamba ametuachia.

Sasa nieleze nilivyoutunza ule unga, kwa sababu hapo ndipo penye habari yote. Sisi ni watu wa kutunza. Muhogo tunaukausha, unakaa mwaka. Maharage tunayachanganya na majivu, fukusi wasiyatoboe. Mahindi yananing'inia juu ya moshi wa jiko mpaka msimu mwingine. Mtu anayemaliza chakula chake mapema kwetu husemwa, na mtu ambaye bado ana akiba watu wakianza kuhemea chakula huheshimiwa hata kama ni kijana. Nilifanya nilivyoona mama na bibi yangu wakifanya. Niliumimina unga kwenye pipa la plastiki lililopasuka kifuniko, nikafunika kwa kitenge, nikafunga kwa kamba ya mpira, nikalisukuma chini ya kitanda cha mama. Juu ya kitanda hicho walilala wadogo zangu. Nilipima kikombe kimoja na nusu kwa wiki, si zaidi. Nilipiga hesabu kwamba ungetufikisha mwaka mzima na miezi kadhaa, na nilijivuna sana kwa hesabu hiyo.

Mvua za vuli zilikuja, ukuta wa chumba kile ukawa unalia maji. Baada ya Krismasi nilianza kusikia harufu kila nikifungua pipa. Haikuwa harufu ya kuoza. Ilikuwa kali kidogo na tamu, kama dawa ya kuchua kifua. Juu ya unga palikuwa na tabaka jembamba la vumbi lenye rangi ya udongo. Siku moja nilichora mstari juu yake kwa kidole, nikageuka kutafuta chekecheo. Niliporudi mstari ulikuwa umefifia, karibu haupo. Nikadhani ni unga umejishukia wenyewe.

Nilichekecha. Walitoka fukusi wawili watatu, nikawaponda kwa ukucha. Nikaanika unga wote kwenye mkeka juani, nikakaa kando yake na fimbo ya kufukuza kuku, jioni nikaurudisha kwenye pipa. Chapati za wiki ile zilikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Mdogo wangu wa kati akasema, "Kaka, zina uchungu." Nikamwambia aongeze chai.

Kitinda mimba alikuwa akipiga chafya kila asubuhi tangu mama yupo. Akifagia, chafya. Akikung'uta blanketi, kifua kinaanza kulia kama mlango. Tulizoea. Miezi ile akaanza pia kujikuna midomo kila Jumapili baada ya kula. Nilidhani ni chumvi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, shangazi alitutembelea kutoka Nyantakara. Alikuja na viazi, karanga, na chupa ya asali ya porini aliyoizungushia sweta isivunjike garini.

"Hii ni dawa ya kifua cha huyu," alisema, akiniangalia mimi na mdogo wangu wa kati. "Yenu iko kwa nyuki. Nisisikie mtu ameilamba."

"Hata kidogo, shangazi?"

"Hata kidole."

Alilala kwetu, na asubuhi mapema akaondoka kuwahi gari. Alipokuwa anafunga mzigo wake aliniambia tena, taratibu, kwamba kama nimechoka, yeye yupo. Nikamwambia sijachoka.

Mchana tulirudi kutoka kanisani, nikapika. Kitinda mimba alichovya chapati yake kwenye asali, sisi tukala na chai. Hakuwa amemaliza alipoanza kujikuna shingo. Kisha macho yakavimba mbele yetu, kama mtu anayepuliza mpira. Mwili ukajaa mabaka mekundu. Akaanza kuvuta pumzi kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka. Nilimbeba mgongoni nikakimbia mpaka zahanati, jirani akinifuata nyuma na kanga imemvuka begani.

Muuguzi alimchoma sindano, kisha nyingine. Tulikaa naye mpaka mabaka yakaanza kufifia.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza.

Jirani alijibu kabla yangu. "Asali. Asali aliyoletewa na shangazi yake."

"Na nyinyi wengine mliila?"

"Hatukuigusa," nikasema.

"Basi asiile tena. Inaonekana ana mzio nayo. Mwili wake unaikataa."

Lile neno mzio halikufika kijijini. Njiani tu lilikwisha kugeuka kuwa sumu. Jirani alinihesabia kwa vidole: shangazi alimtaka mtoto tangu matanga, akanyimwa. Akaja na chupa, akakataza wengine wasilambe. Akaondoka asubuhi kabla haijaliwa. "Wewe ungetaka uonyeshwe nini tena?" aliniuliza. Niliimwaga asali chooni. Chupa nikaivunja. Kisha nikapanda kilimani kwenye mtandao, nikampigia.

"Shangazi, ulimpa nini mtoto?"

"Shikamoo yako iko wapi leo?"

"Ulimpa nini?"

Nilimweleza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi? Mimi nimlishe kitu kibaya mtoto wa kaka yangu?"

"Usikanyage tena kwetu."

Nilikata simu. Ninakumbuka nilishuka kilima nikijiona mtu mzima.

Kwaresima katika nyumba yetu hakukuwa na chapati. Mama ndiye aliyeweka desturi hiyo, na mimi niliifuata kama nilivyofuata mengine yake yote. Wiki zote zile tulikula muhogo na maharage, na kitinda mimba hakujikuna hata mara moja. Akawa mchangamfu, jino jipya likaanza kuchungulia. Kila nikimwona anakimbia uani nilijiambia: unaona? Asali imeondoka, na ugonjwa umeondoka. Nilikuwa na ushahidi kamili. Na chini ya kitanda, mvua za masika zikipiga ukutani, unga ulikuwa umekaa wiki sita bila kuguswa.

Pasaka nilifungua pipa. Harufu ilikuwa imeongezeka. Nilichekecha mara mbili, nikanawa, nikakanda kwa maji ya moto. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu nilipima vikombe vitatu. Kitinda mimba alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akihesabu chapati zinapotoka, akirukaruka namba.

"Ya kwanza ni ya nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Ya mwenye mapengo!"

Alikula ya kwanza ikiwa ya moto. Akala na ya pili. Nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya kikaango aliponiita. Sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Kaka, nipulizie macho."

Mama alikuwa akimpulizia macho yakimuwasha. Nikampulizia. Yalikuwa yanavimba chini ya pumzi yangu.

Zahanati siku ile ya sikukuu sikuifikiria, nilifikiria hospitali. Bodaboda alikuwa jirani, kijana niliyesoma naye. Tulimweka katikati yetu. Barabara ilikuwa matope, pikipiki iliteleza mara mbili, na mara zote mbili kijana yule aliweka mguu chini na kuendelea. Nilikuwa nimeegemeza kifua changu mgongoni kwa mtoto, kwa hiyo nilihisi kila pumzi yake. Mwanzo zilikuwa nyingi na fupi. Tulipoanza kupanda mlima wa mjini zikawa chache. Nilimwambia dereva aongeze mwendo. Akasema, "Nimemaliza, ndugu yangu, hakuna mwendo mwingine."

Madaktari walimpokea mlangoni. Walifanya kazi, niliwaona kupitia pazia lisilofika mwisho. Sikuwalaumu siku ile, na leo siwalaumu. Nilimfikisha nimechelewa.

Daktari aliyetoka kunieleza alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinikalisha kwenye benchi, akakaa nami.

"Alikula nini?"

"Si asali," nikasema haraka. "Asali niliimwaga kabla ya Kwaresima."

Akaniuliza asali ipi, nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mara ya kwanza na mara hii ya leo, ni chakula gani alikula mara zote mbili?"

Jibu nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Mikono yangu bado ilikuwa na unga kwenye kucha.

Kesho yake, nilipokwenda na wanaume wa ukoo kuuchukua mwili, nilibeba unga kidogo ndani ya mfuko kama daktari alivyoniomba. Alinipeleka maabara. Mtaalamu wa pale, ambaye kutwa hutazama damu za malaria, aliweka chembe za unga kwenye kioo, akatazama, akashusha pumzi, akasogea kando.

"Njoo uone."

Niliinama. Nilitarajia kuona unga. Niliona kitu kinatembea, cheupe, cha mviringo, kina miguu na nywele ndefu mgongoni. Kisha kingine. Kisha nikaelewa kwamba kila nilichodhani ni unga kilikuwa kinajongea.

"Unaujua utitiri wa kuku?" aliniuliza. "Hawa ni ndugu zake. Wanaishi kwenye unga uliokaa sana penye unyevu."

"Lakini nilichekecha."

"Wanapita kwenye chekecheo."

"Lakini nilipika. Moto—"

"Moto unawaua wao," daktari alisema. "Kile chao kinachomdhuru mtu mwenye mzio hakifi kwa moto. Mdogo wako alikuwa akipiga chafya asubuhi? Kifua kinabana akifagia?"

"Tangu mdogo."

"Mwili wake ulikuwa umeshawachukia zamani, wale wa kwenye vumbi la kitanda. Akaja kuwala kwa wingi."

"Mbona sisi tulikula, hatukuumwa?"

"Nyinyi miili yenu haina habari nao." Akanishika bega. "Hukumpa sumu. Ulimpa chakula. Lishike hilo, utalihitaji."

Nimelishika, lakini si kila siku linashikika.

Tulizika Jumanne. Shangazi alikuja. Sikumwita, na nilikuwa nimemkataza, lakini mtu hakatazwi kuzika damu yake. Alifika na gunia la ndizi na mfuko wa maharage, akaweka karibu na mafiga walipokuwa wanawake. Hakuna aliyefungua mzigo ule. Alipochukua kisu amenye ndizi, mwanamke mmoja alikitoa mkononi mwake kwa upole, akasema, "Pumzika tu, umetoka mbali." Shangazi akachukua ndoo kwenda kuteka maji, mwingine akaipokea. Mwishoni alikaa chini peke yake, mbali na vyungu, mikono imelala mapajani haina kazi. Kwenye msiba wa kwetu mwanamke asiyepewa kazi jikoni ameshahukumiwa. Mdogo wangu wa kati alikaa upande mwingine wa ua. Tangu Pasaka alikuwa hajala kitu, anakunywa maji tu.

Kabla ya kushusha jeneza, katekista hutaka mtu wa familia asome wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliumwa nini. Kwa mtoto wa miaka sita wasifu ni mfupi. Wazee walikuwa wamenishauri niishie kwenye "aliugua ghafla," mengine yatasemwa baadaye ndani ya ukoo. Nilijua hayo mengine ni yapi na yatamwangukia nani.

Nilisema alizaliwa Bukiriro. Nilisema alikuwa amepata jino jipya. Kisha nikasema, "Hakulishwa sumu. Shangazi hana kosa, na asali yake ilikuwa asali. Mdogo wangu amekufa kwa chapati nilizompikia mimi, kwa unga nilioutunza mimi. Wadudu wake nimewaona kwa macho yangu hospitali. Shangazi nilimtukana bure. Mbele ya kaburi hili ninamwomba anisamehe."

Kisha nikasikia sauti ya jirani yetu, ile ambayo haijui kunong'ona.

"Unga unaua? Mimi si nilikula naye kila Jumapili?"

Mzee mmoja akadakia, "Kijana amechanganyikiwa, mwacheni." Na nyuma yao mtu akasema kwamba hata kunitia maneno hayo mdomoni ni kazi ya uchawi huo huo. Nikaelewa kwamba ukweli wangu ulikuwa mgumu kuamini kuliko uongo nilioubeba mwenyewe kilimani na simu.

Baada ya kuzika nilikwenda pale alipokaa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina njaa."

Alinitazama. Nilibeba mzigo wake wa ndizi mpaka kwenye mafiga, nikaufungua mbele ya wanawake wote, nikamwekea kisu mkononi. Walisogea. Alimenya, akapika ndizi na maharage yake, machozi yanamdondokea mikononi na yeye anayaacha. Alipopakua nilikula mbele ya watu, nikarudia. Mdogo wangu wa kati alikuja akakaa kando yangu, akaanza kula katika sahani yangu, kwanza kidogo, kisha kama mtu aliyetoka kulima. Sikumbuki furaha nyingine mwaka ule, na hiyo yenyewe nilidhani ni mwanzo wa kitu chema.

Pipa nililichoma moto, pamoja na godoro. Siku chache baadaye nilipanda mjini kumweleza bibi wa ile familia, maana sikutaka asikie kwa watu. Alikaa akisikiliza, tasbihi imesimama katika vidole.

"Sisi unga hununua kidogo kidogo," alisema mwishowe. "Wa mwezi uliopita hatuukandi. Mama yako alilijua hilo."

"Mimi sikulijua."

"Na mimi sikukwambia. Nilikuletea gunia zima, kama anayepeleka mahindi ghalani. Mungu anisamehe." Akaingia ndani.

Tulibaki wawili nyumbani. Nilipika. Mdogo wangu alisema amekula shuleni. Nilipika tena, akasema tumbo linamuuma. Nilimkuta mara moja nyuma ya nyumba akitafuna ndizi mbichi na muhogo aliouchimba mwenyewe, hata udongo haujatoka vizuri. Aliponiona alificha mkono nyuma. Nilimwambia apike yeye. Alipika siku mbili, lakini alikuwa akiukung'uta unga wa muhogo kiganja kwa kiganja, akiuchungulia kwenye mwanga, mpaka chakula kikawa tayari jua limezama. Alikonda, mashavu yakaingia ndani.

Shangazi alipiga simu kila wiki kutujulia hali. Hakuniomba tena mtoto. Nilingoja aniombe ili nipate mtu wa kukasirikia, hakuniomba.

Ni mdogo wangu mwenyewe aliyelisema, tukiwa shambani tunapalilia maharage.

"Kaka, nataka kwenda kwa shangazi."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Niliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, nikarudi.

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi wewe." Aliung'oa mche wa haragwe badala ya gugu, akaurudishia udongo kwa haraka. "Naogopa tu."

Nilimpeleka mimi mwenyewe. Tulipanda gari la kwenda Biharamulo, tukashuka njiani, tukachukua bodaboda mpaka Nyantakara. Shangazi alitupokea bila maneno mengi, akamwonyesha pa kulala, chumba kikavu chenye dirisha. Yale niliyoyakataa mbele ya wazee wote niliyafanya kwa mikono yangu, nikimshushia begi. Nyumba ya Bukiriro sikuifunga kufuli. Nilirudi kukaa ndani yake, na ninakaa mpaka sasa. Wanakijiji bado wamegawanyika: wapo wanaoamini nilichosema kaburini, na wapo wanaoamini nimerogwa, hao hunikwepa njiani.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Amenenepa, ana sauti ya shangazi akicheka. Mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa jikoni anapika peke yake, shangazi yuko shambani. Nilivua viatu mlangoni, nikakunja mikono ya shati.

"Nikusaidie?"

Hakugeuka. Alisogeza sufuria kidogo upande wake, kidogo tu, kama mtu anayeisawazisha kwenye mafiga.

"Kaa tu, kaka," alisema. "Umechoka na safari."

Nikakaa.